Ruksa ya Kupanda Boti

Miaka ile ya ruksa, kila kitu kiliruhusiwa Mbwera. Mitumba iliruhusiwa, redio za kaseti ziliruhusiwa, na Bamkubwa Sufiani, mkata mikoko, aliruhusiwa kununua boti ya mashine. Asiyeruhusiwa kuipanda alikuwa mkewe, Mamkubwa Mwajabu.

Sababu ilikuwa ya kitaalamu kabisa. Mamkubwa alikuwa akitoka damu. Ilikuja na mabonge na maumivu ya kumkunja sakafuni, ikakatika kidogo, ikarudi kabla kanga hazijakauka. Na mwanamke mwenye damu akikanyaga boti mpya, boti huingia mkosi. Hivyo walisema wanaume, ambao mambo ya damu za wanawake wanayajua sana.

Dawa hazikukosekana. Ya chango alikunywa. Kombe la aya za Kurani alikunywa. Duka jipya la dawa lilimuuzia vidonge vya njano, vilevile vilivyotibu mafua ya jirani. Tumbo likavimba, na majirani, kwa wema wao, wakampa hongera.

Nilipokuja likizo kutoka chuo cha ualimu, nilimkuta midomo imepauka, anashika ukuta kwenda uani.

"Bamkubwa, atatufia huyu. Tumpeleke hospitali Kibiti."

"Nani kakataa? Damu ikikatika tu, nampeleka mwenyewe."

Yaani apone kwanza, ndipo akatibiwe. Wakubwa huwa siwajibu.

Asubuhi nilimshika mkono hadi dikoni, boti ikipakia abiria, matenga ya kamba wabichi na mbuzi mmoja. Bamkubwa akatuzuia.

"Mwajabu, unataka tuzame?"

Abiria wote walitugeukia. Masikio yaliniwaka. Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Bamkubwa, juzi nilipokuja na boti hii nilikuwa mwezini. Hata sasa nimo."



"Na mimi nimo," akasema Bi Sikujua, muuza kamba, aliyekwisha kukaa juu ya tenga lake. "Na mwezi jana nilikuwemo. Mbona hatukuzama?"

"Astaghfirullah, Bi Sikujua!"

"Astaghfirullah nini? Wewe ulizaliwa kwa maji ya dafu? Haya, tushushe wanawake wote, uende na mbuzi. Tena huyo naye jike, muulize kwanza."

Wanawake wawili walikwisha kusimama na mizigo yao, tayari kushuka na nauli zao. Bamkubwa akamnyooshea mkewe mkono apande.

Madaktari wa Kibiti wakatupeleka Dar. Wakamwongeza damu, na kwa kuwa alikwisha kumaliza kuzaa, akakubali kitolewe kizazi. Baadaye daktari akatutajia jina refu: adenomiosisi. Ule utando wa ndani, unaotoka kila mwezi na hedhi, ulikuwa umejipenyeza ndani ya nyama ya kizazi; ndiyo maana kilivimba, kikauma, kikamwaga damu vile. Mimba haikuwemo, wala mkosi.

Siku ya kurudi, Mamkubwa alivaa gauni jeupe, rangi aliyokuwa ameikimbia kwa miaka. Bamkubwa akamkalisha mbele na kuwatangazia abiria kwamba boti yake ina baraka, imemponya mke wake.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Sikujua. "Basi kesho mpandishe na mama yako, ikamtibu goti."