Magamba Nyuma ya Kona

Mara arobaini Mpimaji alikuwa amelipua gesi ndani ya bomba lake la chuma lenye kona, na mara zote arobaini wimbi la mlipuko lilikufa likikata kona. Shahidi wake alikuwa bati lililofukizwa masizi ya kibatari na kulazwa ndani. Wimbi likipita huchora magamba, utadhani samaki kapita. Likifa, masizi hubaki laini. Kila bati liliishia shibiri moja baada ya kona. Ndivyo yalivyokatwa stoo, na hakuna aliyeuliza.

Kwa hesabu zake, kiwanda kilijenga chumba cha zamu nyuma ya kona ya handaki la gesi, ambalo bomba lile lilikuwa mfano wake mdogo. Saa nne gesi ingefunguliwa, na wa kwanza kukaa humo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Ilibaki sahihi ya Mpimaji tu.

“Kaka, tia sahihi bwana,” mdogo wake alisema mlangoni mwa maabara, funguo za chumba cha zamu shingoni. “Au unanionea wivu kiti cha kuzunguka?”

“Punguza mdomo. Mara ya mwisho hii.”

Safari hii aliunga mabati mawili. Wakajibanza nyuma ya ukuta wa zege, akabonyeza. Mshindo ukawapita miguuni.

Walipolivuta bati, magamba yalifika kwenye kona yakakoma. Shibiri moja, laini. Ya pili, laini. Halafu, katikati ya weusi mtupu, magamba yakaanza tena: madogo, yamebanana, kama nyayo zinazoanzia katikati ya chumba kilichofungwa.

Mpimaji akapima kwa rula, akapiga hesabu ya handaki. Magamba yaliangukia ndani ya chumba cha zamu.

“Kiti chako umekiweka wapi?”

“Mwisho kabisa, ukutani. Si ulisema nikae mbali na kona?”

Mpimaji akaichukua fomu. Penye sahihi akaandika: Asikae mtu. Nimekosea mara arobaini.

Mdogo wake hakucheka. Alivua funguo akaziweka mezani, kisha akanyoosha kidole juu ya sehemu ile laini.

“Na hapa, kaka? Hapa wimbi lilikuwa wapi?”

“Lilikuwepo. Msukumo ulitangulia bila moto, ukagonga ukuta wa mwisho, ukawaka upya.”

“Yaani lilipita hapa kimya?”

“Kimya.”

Mdogo wake akakirudisha kidole taratibu, bila kuyagusa masizi.