Nyumba ya Abedi

Sauti yangu ni kubwa, na kwa sababu hiyo tu nilipewa kazi ya kuita majina. Katika kikundi chetu cha akina mama wa Kasongo, wa parokia na wa msikiti pamoja, kila mtu ana kazi yake: Laura anakaanga samaki, Aimée anagombana na waendesha pikipiki, mimi napiga kelele. Mto Lualaba ulipofurika na kuingia katika nyumba za chini kule Nyangwe, tulifunga masufuria na magunia ya mchele kwenye pikipiki tukaenda. Hakuna aliyetutuma, wala hakuna aliyetulipa.

Watu walikuwa wanalala katika madarasa ya shule, juu kilimani. Saa ya kula nilisimama mlangoni nikaita nyumba moja moja kwa jina la mwenyewe, hata kama nyumba hiyo ilikuwa imeshageuka tope. Naita, "Nyumba ya Ibrahim!" na mtu wa nyumba hiyo anajibu "Iko," anasogea na sahani zake.

Siku ya kwanza nikaita, "Nyumba ya Abedi Mahamudu!"

"Iko," akajibu mwanamke mwembamba. Jina lake Safia. Alikuwa na sahani mbili.

"Muko wangapi?"

"Mimi na bwana yangu."

"Yeye iko wapi?"

"Iko."

Nilidhani ananichezea, na mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamwambia mbele ya wote, "Mama, kama anakula, akuje yeye mwenyewe tumuone." Laura akanivuta kitenge, akaninong'oneza sikioni alichosikia kwa wenyeji. Siku maji yalipoingia, Abedi alikuwa anavusha watu kwa mtumbwi wake. Mtumbwi ulikutwa mbali, maji yanakoelekea, umepinduka. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti.

Nilijaza sahani zote mbili bila kumtazama usoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Tangu hapo nikawa namfuata kwa macho. Sahani ya pili aliifunika kwa kitambaa, akaiweka kando yake, akala yake polepole, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kunawa. Jua likishuka aliwagawia watoto wa darasa lile. Yeye hakuionja hata kidogo.

Na mimi, niseme ukweli, nilimwonea wivu. Mume wangu Gédéon alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Mvua zimekuja zikaisha, zikaja tena, na simu yake haiiti. Watu wakiniuliza habari zake huwa ninajibu, "Ule? Kwangu aliisha kufa," halafu nacheka, nageukia sufuria. Mimi sijawahi kumfunikia Gédéon sahani.

Siku moja Iliasi, kaka mkubwa wa Abedi, alinijia penye mafiga. Ni mtu mpole, alivua kofia yake kabla ya kusema.

"Mama Sidonie, minaomba, usiite tena jina ya mudogo wangu. Tunataka kumusomea hitima, na bibi yake anakataa kukaa eda. Kila siku we unaita, yeye anajibu iko. Sasa sisi tutamulilia Abedi siku gani?"

Macho yake yalikuwa mekundu. Niliona ana haki, kwani naye alikuwa na kilio chake. Basi kesho yake nikaita nyumba ya Ibrahim, nikairuka ya Abedi, nikaita ile iliyofuata. Safia alikuwa mstarini. Alingoja mpaka masufuria yakawa matupu, kisha akarudi darasani na sahani zake mbili kavu.

Nilimfuata na bugali na sombe ya majani ya muhogo nilivyokuwa nimemwekea. Akavisukuma.

"Haiko chakula nataka, Mama Sidonie. Mi nilizaliwa hapa, najua hii maji. Najua vile inafanya watu." Aliipangusa sahani iliyokuwa tayari safi. "Lakini hapa hakuna mutu anataja tena jina yake. Wakiniona, wananyamaza. Kaka yake anasema marehemu. We peke yako ulikuwa unamuita kwa nguvu, sawa vile wanaita mutu aje kula. Ukiita, naona sawa vile iko karibu, iko nyuma ya nyumba, ananawa mikono."

Nilikaa chini kwenye saruji. Nilitaka kumfariji, nikaanza kulia mimi. Nilimlilia Gédéon, miguu yake yenye vumbi, namna alivyokuwa anakohoa mlangoni ili nijue amefika. Nilitamani hata kikohozi chake.

"Wako anaitwa nani?" Safia akauliza.

Nikamwambia. Zilikuwa zimepita mvua nyingi na jua jingi, jina hilo halijatoka mdomoni mwangu bila tusi.

Nikamwambia pia kwamba mchele umekwisha, kesho tunarudi Kasongo. Safia aliziweka sahani zake chini. "Basi umuite kesho mara moja tu," akasema. "Halafu Iliasi asome hitima yake."

Asubuhi masufuria yalikuwa yameshafungwa kwenye pikipiki. Nilisimama mlangoni pale pale. Watu waligeuka, wakaona sina chakula, lakini hakuna aliyeondoka. Iliasi nilikuwa nimeshamweleza. Alikuwa amesimama na wazee wa msikiti, kofia mkononi.

"Nyumba ya Abedi Mahamudu!" Nilimwita kwa sauti yangu yote, mpaka mtoni wasikie.

Safia alisimama mikono mitupu.

"Iko," akasema. Kisha akalia kwa sauti, wanawake wakampokea, na Iliasi naye akafunika uso kwa kofia, akalia.

Nilipanda pikipiki nyuma ya dereva, sufuria kubwa mgongoni. Tulikuwa tumeanza kuteremka niliposikia mwanamke anaita kule juu, sauti imekauka kwa kilio.

"Nyumba ya Gédéon!"

Mimi mwenye sauti kubwa, siku hiyo ilitoka ndogo.

"Iko," nikasema.

Dereva akapunguza mwendo, akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia aende.