Mayowe ya Jumamosi

Mama fundi alikuwa amekaa mbele ya televisheni, mikono kifuani, anaangalia mlima. Mlima haukufanya lolote. Ulikaa tu na theluji yake kichwani, filimbi inalia kwa nyuma, mawingu yanapita kama hayana kwao. Baada ya mlima ikaja bahari. Wimbi linakuja, wimbi linarudi. Hivi kweli, mtu mzima na akili zake timamu, anakalishwa Jumamosi mchana kuangalia maji?

Haya yalikuwa mambo ya binti yake, mwalimu, aliyehamia kwake tangu baba mtu alipofariki. Mwalimu ana roho nzuri, hilo tusimnyime, ila ana kichwa kigumu, na hicho hakukiokota barabarani. Alikuwa amezikusanya filamu zote za kutisha za mama yake, za mizimu, za mazimwi, za maiti wanaotoka makaburini, akazifungia kabatini mwake, ufunguo akautia mkobani.

"Mama, una presha," alisema. "Angalia mandhari, inatuliza. Na jioni twende ufukweni tukanyooshe miguu."

"Miguu yangu imenyooka. Nataka filamu zangu."

"Zinakutesa bure. Sisi si tumekua tukisikia mayowe yako kila Jumamosi?"

Hilo la mayowe lina kisa chake. Zamani, kila Jumamosi, mumewe alifunga bucha mapema, watoto wakafukuzwa nje, wawili hao wakajifungia sebuleni na filamu ya kutisha. Haikupita muda, yowe likatoka dirishani mpaka jirani akauliza kulikoni. Mama ndiye aliyetoa kichwa na kujibu, "Ni mimi, jirani, nimeshtuka kidogo." Mtaa mzima ukamjua kwa woga. Wakamwita Mama Mayowe, naye akaitika.

Basi siku ile aliinuka akaenda kwenye cherehani. Pale palikuwa na gauni la mwalimu, la kuvaa kesho yake kwenye harusi ya mwalimu mwenzake. Mkono mmoja ulikuwa umeshashonwa, wa pili bado uko mezani. Mama akaifunika cherehani kwa kitambaa, akarudi kukaa.

"Mama, gauni limeisha?"

"Limeishia hapo lilipoishia."

"Lina mkono mmoja."

"Wewe una miwili. Utajua utakavyogawa."

Mwalimu alicheka, halafu akaona mama yake hacheki. Akabembeleza, wapi. Akanuna, wapi. Akampigia simu kaka yake. Kaka mtu akasema yeye hayumo.

"Kwani kosa langu nini?" akasema mwishowe. "Majuzi nilikukuta umemaliza filamu unalia peke yako, machozi mpaka kidevuni. Nimeshampoteza baba. Nikupoteze na wewe kwa ajili ya mizimu ya kwenye kioo cha televisheni?"

Mama hasira haikumtoka, ila ilipungua makali.

"Nililia kwa sababu hakuna aliyenibana mkono," alisema. "Yale mayowe hayakuwa yangu. Yalikuwa ya baba yako."

"Baba huyu huyu wa bucha?"

"Huyo huyo. Asubuhi nzima anapasua mifupa kwa shoka, mchana akiona zimwi kwenye kioo anajificha nyuma ya mgongo wangu. Anafumba macho, ananiuliza, 'Limeshaondoka?' Namwambia limeondoka, nalo liko palepale. Anafumbua, anapiga yowe, ananing'ang'ania mkono mpaka unakufa ganzi. Na wiki inayofuata ananiamini tena. Nimeubeba woga wake miaka yote wateja wasimcheke, wala sikuchoka. Lakini kupangiwa starehe na mtoto niliyemzaa mwenyewe, hilo sikubali. Dawa za presha nameza. Milima yako kaiangalie wewe."

Mwalimu alifungua mkoba, akatoa ufunguo, akaenda kabatini. Aliporudi na filamu, mama akapigapiga kiti cha marehemu.

"Na wewe kaa hapa."

Filamu haikufika mbali. Mlango wa ile nyumba ya kwenye kioo ulipoanza kulia, mwalimu alikuwa ameshazika uso kwenye mto.

"Mama, limeshaondoka?"

Mama aliliangalia zimwi lilivyosimama, meno yote nje.

"Limeondoka, mwanangu. Fumbua macho."

Yowe lililotoka hapo lilitikisa vioo. Mkono wa mama ukabanwa, kucha na vyote, palepale mahali pake pa zamani. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na hakuyafuta.

"Mama Mayowe," jirani akaita kutoka nje, "kulikoni tena?"

Mama akatoa kichwa dirishani. Safari hii hakumfichia mtu.

"Leo si mimi, jirani. Ni mwalimu."

"Mama, zima basi," mwalimu akaomba kutoka nyuma ya mto. Mama akarudi kitini, akaongeza sauti. Mkono wa gauni ungesubiri mpaka filamu iishe.