Kidari cha Mjomba

Mbuzi wa kijiji cha Haneti, kwa maneno ya mzee Sila mwenyewe, hakuwa mnyama wa mchezo. Alikuwa na mafuta mpaka kwenye pembe, na ukimchoma mjini, mtaa wa Area D, watu wa mtaa wa Kikuyu wanaanza kunawa mikono. Ukimwambia anatia chumvi, Sila alikuwa anakutazama kwa huruma, halafu anakuongezea nyingine: kwamba mwaka wa njaa dume lake moja lilikonda mpaka likawa linapita katikati ya fito za zizi bila kuinama, na hata hilo walipolichinja, mafuta yalizima moto mara mbili.

Dorothea alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, na ndiye aliyewachoma mbuzi hao. Shirika la umma alilolifanyia kazi lilipouzwa, alipewa kiinua mgongo na kuambiwa ajiajiri, naye akajiajiri. Akajenga banda la mabati Area D, meza sita, jiko moja refu. Alipomaliza kununua misumari, kiinua mgongo nacho kilikuwa kimekwisha. Hakubaki na hela ya hata mguu wa mbuzi.

Sila alipopata habari alishuka kwenye basi la Haneti na mbuzi sita. Konda hakuwatoza nauli. Hakuwa akiwatoza mbuzi wa Sila miaka yote, maana Sila alikwishamshawishi kwamba mbuzi wake ni abiria wastaarabu, hawakai kwenye viti, hawaulizi chenji. Mzee akawafunga kwenye nguzo ya banda, akamwambia mpwa wake kwa Kigogo:

"Choma. Utanilipa wakishaliwa."

Ikawa ndiyo desturi. Kila Ijumaa mbuzi, kila mwisho wa mwezi hela, na kila Jumamosi Sila alirudi kwake na kidari kimoja, kimefungwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Kwenye ukoo wao kidari kilikuwa cha mjomba. Hakikuombwa wala hakikupimwa. Na mjomba naye hakukosekana. Dorothea alipofiwa na mumewe, Sila ndiye aliyewalisha waombolezaji siku zote za matanga, na ndiye aliyesimama mlangoni wakwe walipoanza kuulizia kitanda cha marehemu.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinafunguliwa: maduka ya mitumba, benki za watu binafsi, midomo. Bunge likikaa, mji ulijaa mpaka watu wakawa wanapanga foleni ya kupata mahali pa kupanga foleni. Wageni wa miradi nao walikuja, weupe kwa weusi, na wageni hao wakishakula walikuwa wanatoa kadi mfukoni na kuuliza kama inapokelewa. Dorothea alikuwa anaiangalia ile kadi mbele na nyuma, anairudisha. Mgeni anaahidi kuleta fedha kesho. Kesho yenyewe ilikuwa inapanda ndege.

Ndipo akaja Erick, kijana wa benki, shati jeupe, tai imekaza mpaka shingo inaomba radhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kula au kukagua?"

"Nimekuja kukukuza kibiashara."

Akaweka mezani chuma fulani kama pasi ya mkaa iliyolala chali. Akaeleza: kadi ya mgeni inalazwa hapa, karatasi inawekwa juu, mpini unavutwa, kracha, namba zimenakiliwa. Mgeni anatia sahihi, karatasi inapelekwa benki, hela inaingia kwenye akaunti. Malipo yakiwa makubwa, lazima kwanza kupiga simu Dar es Salaam kupewa namba ya kibali.

"Na ninyi mnakula wapi?" Dorothea akauliza.

"Asilimia tano tu, mama. Katika kila mia, tano."

"Mnachukua kabla sijapata, au nikishapata?"

"Inakatwa kabla. Hutaiona, kwa hiyo haitakuuma."

Tabu, mchomaji, mwanamume ambaye nyusi zake ziliungua mwaka wa kwanza wa kazi na hazikuona sababu ya kurudi, akageuza mishikaki na kusema bila kugeuza kichwa: "Mjomba wa pili huyo. Anataka kidari mbuzi akiwa bado anatembea."

"Mjomba anakuja msibani," Dorothea akasema. "Haya, Erick, ninyi mnakuja msibani?"

Erick akacheka meno yote. "Sisi tuko na wewe kwa kila hali, mama."

Dorothea akatia sahihi. Alilichukua neno lile kama mtu wa kwao anavyolichukua: anayekula kwako amekuwa wako.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kracha, kracha, wageni wanafurahi. Lakini hela ilikuwa inakuja baada ya wiki tatu, na ikifika imekatwa sikio. Nyama anauza leo, mkaa ananunua leo, Tabu anataka mshahara leo. Na faida ya nyama choma, akishatoa mbuzi, mkaa na ndimu, haikuwa hata asilimia kumi. Kwa kila mgeni wa kadi, nusu ya jasho lake ilikwenda kwenye tai ya Erick.

Akajaribu kuwaongezea bei wenye kadi. Mgeni mmoja mwenye miwani akamsemea benki, Erick akaja mbio.

"Mkataba haukuruhusu, mama. Mwenye kadi na mwenye fedha mkononi, bei moja."

"Basi niwapandishie wote?"

"Hilo sasa ni lako."

Lilikuwa lake kweli. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na banda la Ernest, ambaye hakuwa na kadi wala habari ya kadi. Watumishi wenye posho walikuwa wanajua bei ya mshikaki kuliko majina ya watoto wao. Siku Dorothea alipopandisha shilingi hamsini, walihamia kwa Ernest na sahani zao mikononi, wengine wanatafuna njiani. Akashusha. Akapunguza kachumbari, wakauliza kama nyanya zimekufa. Akatazama bandani kote, akatafuta kitu kinachotoka bila kulipiwa ili akizuie, na akakiona kimoja tu, kimefungwa kwenye karatasi ya saruji.

Jumamosi hiyo alimfungia Sila shingo.

Mzee aliupima mzigo mkononi. Alikuwa amebeba vidari vingi mno maishani mwake asijue.

"Kidari kimekwenda wapi, mpwa wangu?"

"Kimeliwa na benki, mjomba." Alitaka iwe utani.

"Benki ina meno?"

"Ina asilimia."

Sila akafikiri kidogo. "Na huyo asilimia, dada yake ndiye aliyekuzaa?"

Tabu akainama kwenye jiko kana kwamba kuna kitu kimeangukia mkaani. Dorothea akaanza kueleza habari za mkataba, za Ernest, za wiki tatu, na kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa ya Erick. Sila alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiweka shingo mezani, taratibu, akaenda kupanda basi. Ijumaa iliyofuata mbuzi walikuja peke yao. Konda ndiye aliyewashusha.

Bunge lilipokaribia kuahirishwa, mzungu wa mradi wa maji akaaga watu kwa karamu bandani. Watu hamsini, mbuzi wanane, na muziki uliofanya mabati ya banda yajifunze kuimba. Dorothea akapiga hesabu kwamba kwa karamu hiyo atamlipa mjomba mwezi wote, na Jumamosi atamfungia vidari viwili, mzee aone aibu kwa kususa. Mgeni akatoa kadi. Malipo yalikuwa makubwa, ilibidi simu ipigwe Dar es Salaam. Simu ya banda ilikuwa imekufa tangu nguzo ianguke kwa mvua, na ya Ernest haikuwa ya kuombwa. Mgeni alikuwa amesimama na gari linanguruma. Dorothea akavuta mpini. Kracha. Mzungu akatia sahihi, akampa mkono, akamsifia mbuzi.

Hela ikaja, imekatwa sikio kama kawaida. Kabla hajaitoa amtumie Sila, Erick akatokea.

"Mama, yale malipo ya mradi yamerudi. Hayana namba ya kibali, na mwenye kadi ameyakataa. Benki imeitoa ile hela kwenye akaunti yako."

"Ameyakataa vipi? Mbuzi ameshakula."

"Utaratibu ndio huo."

Dorothea akakaa. "Na ile tano yenu? Imerudi nayo?"

Erick akakohoa. "Ada hairudi, mama. Ile ni ya huduma ya kushughulikia malipo."

"Mmeyashughulikia yakafia mikononi mwenu, halafu mnabaki na kidari cha maiti?"

"Sikuandika mimi."

"Ulisema mko na mimi kwa kila hali. Ulikuwa umesimama hapo hapo, Tabu shahidi."

"Ndiyo, mama," Erick akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kwa kila hali iliyoandikwa."

Mwisho wa mwezi Haneti haikupata kitu. Ijumaa basi likaja bila mbuzi. Ijumaa nyingine vilevile. Dorothea akanunua wa mnadani, kwa fedha taslimu, mbuzi wagumu kiasi kwamba Tabu aliapa mmoja alimwona akivuta ulimi motoni baada ya saa nzima. Wateja wakatafuna, wakalipa, wakavuka barabara. Jioni alikuwa anakaa kwenye meza yake mwenyewe anatazama moshi wa Ernest unavyonenepa. Akajua kwamba bila mzee Sila hana banda, ana mabati tu.

Akapanda basi la Haneti, na kidari kwenye karatasi ya saruji mapajani.

"Mbukwa, mjomba," akaamkia kwa Kigogo alipofika uani.

"Karibu," Sila akajibu. Kwa Kiswahili. Tangu Dorothea azaliwe, mzee huyu hakuwa amewahi kusema naye Kiswahili. Hicho alikuwa anazungumza na bwana mifugo na wanunuzi wa kutoka mjini.

Akaletewa kiti chenye mgongo kutoka ndani, kile cha wageni. Watoto wa nyumba wakipewa maziwa kwenye kibuyu, yeye akapewa soda iliyonunuliwa dukani, ya moto. Akatoa kidari kwa mikono miwili. Sila akakipokea, akakipima.

"Si cha mbuzi wangu hiki."

"Cha mnadani, mjomba."

"Umenunua shilingi ngapi?"

Dorothea akainamia soda yake.

"Wapelekee kina mama jikoni," Sila akamwambia mtoto mmoja. "Waambie ni nyama ya mboga."

Dorothea akaeleza tena, safari hii bila Erick mdomoni. Namba ya kibali, simu iliyokufa, hela iliyorudi. Sila akamsikiliza akiangalia zizi. Alipomaliza, mzee hakutia hadithi wala utani, na hapo ndipo Dorothea alipoogopa.

"Wale wanane, na wenzao wa mwezi ule, nimewasamehe," Sila akasema. "Usihangaike nao. Nimewasamehe kama mjomba wako. Hapo nimemaliza kazi hiyo." Akainuka. "Sasa mbuzi wapo. Ukitoa taslimu, bei ni ya mnadani. Ukitaka ulipe mwisho wa mwezi, naongeza tano kwenye kila mia."

"Mjomba."

"Benki yako inakata kabla. Mimi naongeza baadaye. Nimekuzidishia huruma kidogo."

Alitabasamu, lakini kama anavyotabasamu mwenye duka.

Dorothea alikuwa na fedha za mbuzi wawili. Akahesabu, Sila naye akahesabu tena, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akafungua zizi, akamwachia achague. Miaka yote mzee ndiye aliyeshika kamba mpaka barabarani, akipiga domo na konda. Siku hiyo Dorothea aliwakokota mwenyewe, mmoja kila mkono, wanamvuta huku na huku kwenye vumbi. Hakugeuka nyuma, maana alijua hakuna aliyesimama.

Basi likasimama. Konda akaruka chini, akawaangalia mbuzi, akamwangalia yeye.

"Mama Area D. Hawa ni wa mzee Sila?"

Dorothea akawatazama wale mbuzi. Walikuwa wanene kweli.

"Ni wangu," akasema. "Nauli yao shilingi ngapi?"