Mbao za Nassoro

Mume wangu Nassoro alizaliwa katika nyumba ya maseremala, na kwao ubao mzuri ni ule unaoumiza bega. Baba yake alitengeneza milango ya kambala, mti mgumu na mzito, ambayo mchwa waliionja wakahama. Kwa hiyo mwanzoni mwa mwaka 1964, shule moja ya ufundi hapa Kisangani ilipotafuta moniteur wa kufundisha vijana kuunda ndege ndogo za mbao, Nassoro alicheka, akasema kazi hiyo ameshaipata.

Mimi niliitaka kuliko yeye. Karakana aliyofanyia kazi ilifungwa baada ya uhuru, Mzungu mwenye mali alipokimbilia Ulaya, na tangu hapo mume wangu alikuwa anashinda nyumbani, mtaa wa Kabondo, akinisahihisha namna ya kupanga kuni. Mimi Kadidja nauza samaki wa moshi kutoka Ubundu. Mwanamume asiye na kazi na mwanamke mwenye kazi hawashindi katika ua mmoja bila maneno.

Mtihani ulikuwa hivi. Mkurugenzi, bwana Alphonse, alimpa boksi moja kati ya yaliyoachwa kabatini na Mbelgiji aliyefundisha zamani. Ndani mlikuwa na michoro, mpira wa kusokota, karatasi nyembamba ya kufunika mabawa, na vibao vya balsa, mti mwepesi wa ng'ambo. Ndege yenyewe haina uzi wala injini. Unasokota mpira, unaiachia, inakwenda inakotaka. Ikikaa hewani dakika moja, kazi umeipata. Majaribio ni mawili tu. Na kwa kuwa ndege za namna hiyo hupotea, sharti jina na anwani ya mwenyewe viandikwe kwenye bawa, ili atakayeiokota airudishe.

Vibao vya boksi havikuwa sawa. Kimoja ulikiinua usijue umeshika kitu, cha pili, ukubwa uleule, kilikuwa kizito mara tatu. Wenye kiwanda niliwajua bila kuwaona: ni ndugu wa wale wauzaji wanaopanga samaki wakavu juu ya kikapu na wabichi chini. Nassoro alichagua vizito kwa ajili ya mabawa na mkia, akisema huko ndiko kwenye kazi. Vyepesi alinitupia mimi niwashie moto.

Nilimwambia anakosea. Samaki nawapokea kwa kuinua na kugonga kwa ukucha: mkavu ni mwepesi na anaitika, mwenye maji ni mzito na yuko kimya.

"Samaki ya uzito iko na maji ndani," nilimwambia. "Mbao pia."

"Weye unajua samaki, Kadidja," akajibu. "Mbao uniachie miye."

Nikamwachia. Siku ya jaribio la kwanza, kwenye uwanja wa shule karibu na mto, ndege ile iliinua pua, ikaning'inia kidogo, ikashuka kwa mkia. Sekunde kumi na moja. Nassoro alisema ni upepo. Upepo gani, na moshi wa majiko yote ya mtaa ulikuwa unapanda wima?

Siku tatu hatukusemeshana. Ya nne nilimwekea mbele vibao vyepesi. Sikuwa nimevichoma, vilikuwa juu ya kichanja changu cha samaki, na moshi ulikuwa umeviondolea unyevu wote wa mji huu. Kwa kuwa havikutosha, niliongeza maboya ya nyavu niliyoomba kwa wavuvi, yaliyochongwa kwa parasolier, mti unaoota wenyewe kwenye mashamba yaliyoachwa. Nassoro aliinua kipande kimoja, akakigonga, akakisogeza sikioni. Akaanza kunoa kisu. Kwa mume wangu, huko ndiko kuomba radhi.

Alipomaliza, aliandika bawani kwa rangi iliyozama ndani ya mbao: NASSORO, MONITEUR DE L'ÉTAT, KABONDO. Nilimwambia angoje apewe kwanza hiyo kazi ya ualimu wa serikali, kutangulia si kufika. Akasema rangi imeshakauka.

Jaribio la pili, bwana Alphonse aliinusa ndege, akauliza kwa nini inanuka samaki. Kisha Nassoro akaiachia. Ilipanda ikizunguka polepole, ikapita juu ya paa la shule, ikavuka ukingo, ikaenda juu ya mto. Alphonse alisimamisha saa yake macho yaliposhindwa kuiona: dakika mbili na nusu. Nilipiga vigelegele mpaka watu wakageuka. Sijawahi kumpenda mume wangu kama siku ile. Barua ilikuja baada ya wiki: ataanza mwezi wa tisa.

Mwezi wa nane waasi wa Simba waliuteka mji. Watu wa ofisi, wenye barua za serikali, walianza kutafutwa nyumba kwa nyumba, na wengine hawakurudi. Barua ya Nassoro niliichoma siku ileile. Bawa nililisahau kabisa.

Asubuhi moja, mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alisimama mlangoni na ndege mkononi. Aliiokota shambani kwake, na kwa kuwa ni mtu mwaminifu alikuwa amepita mtaa mzima akiuliza kwa sauti nyumba ya moniteur wa ndege. Nilimvuta ndani. Nassoro aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaomba tukwangue jina tu, mbao zibaki. Lakini siku zile ndege za serikali ndizo zilizokuwa zikiwatupia Simba mabomu. Nani angeeleza hii ni ya mchezo? Nilimnyang'anya, nikaivunja gotini, nikaisukuma motoni chini ya kichanja. Iliwaka mara moja, kwa kuwa mbao zake zilikuwa nzuri. Nililia, na haukuwa moshi.

Yule mzee nilimpa samaki ashike, aonekane mnunuzi. Vijana watatu wenye bunduki waliingia kabla majivu hayajapoa. Walikuwa wamesikia kuna moniteur anayeunda ndege. Nikasema simjui. Mkubwa wao akamgeukia mume wangu.

"Na weye, papa, uko na kazi gani?"

Nassoro alinitazama.

"Miye niko nauzisha samaki," akasema, "na bibi yangu."

"Bon. Alors unichagulie moja yenye kukauka."

Kikapu hakikuwa kimepangwa bado, wakavu na wabichi pamoja, na kwa ngozi wote ni weusi sawa. Nassoro alichukua wa kwanza, akamwinua, akamgonga kwa ukucha karibu na sikio, akamweka kando. Wa pili, kando. Wa tatu alimpa. Kijana akamvunja katikati, akatazama ndani: mkavu mpaka mfupani. Wakamchukua pamoja na wengine wanne, wakaenda.

Nassoro hakuinuka. Aliendelea kuinua na kugonga, samaki mmoja mmoja, mpaka kikapu kikaisha. Sikumwambia aache.