Dakika za Darasa la Kwanza

Mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa mtu wa kumshuku mtu ovyo. Ilimchukua wiki mbili nzima kujikubalia kwamba anaibiwa, na wiki nyingine kujiambia mwizi ni nani.

Kilichoibwa kilikuwa dakika. Mwaka ule upepo ulikuwa umeezua paa la darasa la tatu, basi madarasa mawili yakagawana chumba kimoja: wadogo asubuhi, wakubwa kuanzia saa sita. Mpaka wao ulikuwa kengele. Ikilia tu, darasa la tatu linamwagika ndani kabla wadogo hawajamaliza kufunga mikoba. Na tangu mwezi wa kumi uingie, kengele ya saa sita ilikuwa inalia mapema.

Somo la mwisho la asubuhi lilikuwa kusoma. Kati ya watoto hamsini na wawili, sita walikuwa bado wanakwama kwenye kurasa za mwisho za kitabu, na mtihani wa kusoma ulikuwa katikati ya mwezi wa kumi na moja. Asiyeweza kusoma ukurasa wa mwisho peke yake angerudia darasa. Mmoja wao, msichana ambaye wenzake walimwita Kimya, alikuwa anafungua mdomo vizuri pale dakika za mwisho, akishachoka kuogopa. Hizo hasa ndizo zilizokuwa zinakatwa.

Mwalimu akaanza kuandika. Kila kengele ikilia, anatazama simu yake, anaandika nyuma ya daftari la maandalio. Saa tano na dakika hamsini na moja. Saa tano na arobaini na tisa. Saa tano na arobaini na saba.

Aliyemshuku ni Makamu, yaani mwalimu mkuu msaidizi, ambaye ndiye aliyefundisha darasa la tatu. Ofisi yake ilitazamana na kengele. Tena siku moja Mwalimu alimwona kwa macho yake akimpa Mzee Kengele kikombe cha chai, akamwinamia sikioni, wakacheka wote wawili. Mzee Kengele ndiye aliyefagia, aliyefungua madarasa na aliyegonga kengele, miaka ishirini sasa.

Akamkabili Makamu katika chumba cha walimu, kwa upole wake uleule.

"Makamu, kengele ya jana umeionaje?"

"Kengele huonwa? Nimeisikia."

"Ililia mapema."

"Mapema kwa nani, mama? Mwezi wa pili ulipokuwa unakaa mle na vifaranga vyako hadi saa sita na robo, mimi nimesimama juani na watoto sabini, ulinisikia nikilalamika?"

"Nilitoka kengele ilipolia."

"Si ndiyo nasema? Kengele ilikuwa shoga yako." Akatabasamu tabasamu ambalo Mwalimu hakulipenda. "Sijui ulikuwa unampikia nini yule mzee."

Kumbe Mwalimu naye alikuwa anashukiwa, tena tangu mwanzo wa mwaka.

Mchana ule akafunua kurasa za mwezi wa pili za daftari lile. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa na mazoea ya kuandika saa aliyomaliza kila somo, na hapo palikuwa na mwandiko wake mwenyewe: saa sita na dakika kumi na tatu. Saa sita na kumi na nne. Wakati ule aliona ni bahati njema, hakuuliza.

Basi si yeye aliyehonga, na labda si Makamu. Alibaki mmoja. Mzee Kengele alikuwa anauza dakika zao, leo kwa huyu, kesho kwa yule? Lakini kwake hajawahi kuomba hata sukari.

Kesho yake, kabla ya saa sita, aliwapa watoto kazi ya kunakili akatoka. Mzee Kengele alikuwa barazani. Alikunja mkono wa shati, akatazama saa yake kwa makini mbele ya kila mtu, kama alivyofanya siku zote. Halafu, badala ya kwenda kwenye kengele, akazunguka nyuma ya stoo. Mwalimu akamfuata kwa kunyata.

Mzee alikuwa peke yake. Amesimama ameuelekea ukuta, anatazama chini, ambako kivuli cha ukuta kilikuwa kimebaki chembamba kama kamba ya kiatu. Kikazidi kuwa chembamba, kikaisha. Mzee akageuka aende kugonga, wakagongana uso kwa uso.

"Mwanangu! Umeniua kwa hofu."

"Babu, unafanya nini hapa?"

"Nangoja saa sita."

"Na hiyo saa ya mkononi?"

Mzee akaitazama kana kwamba ameletewa mgeni. "Hii? Ilikufa mwaka juzi. Naivaa watu wasinione mzembe." Akaupiga ukuta kofi dogo. "Huu haufi. Kivuli kikiingia chini ya ukuta, ni saa sita."

"Sasa hivi ni saa tano na dakika arobaini na sita, babu."

"Kwenye simu yako. Simu zenu zinatangatanga. Mwanzo wa mwaka zinakimbia mbele ya jua, mwisho wa mwaka zinabaki nyuma. Nimeona hivyo miaka yote, nikanyamaza. Nani angenisikiliza?" Kisha sauti ikashuka. "Utamwambia mkuu?"

Mwezi wa pili jua lilimpa Mwalimu dakika, mwezi wa kumi linamnyang'anya. Angeripoti, mzee angefukuzwa, na dakika zilizopotea zisingerudi.

Akaenda kwa Makamu, akamweleza yote, akachana ukurasa wa mwezi wa pili akamwekea mezani.

"Hizi ni dakika zako nilizokula, bila kujua. Naomba kumi na tano baada ya kengele, kila siku hadi mtihani. Mwezi wa pili ujao, kengele ilie isilie, saa sita kamili nitakuwa nje."

Makamu aliusoma ukurasa pande zote mbili. "Na nitajuaje hukuandika haya jana usiku?"

"Hutajua."

"Na yule mzee?"

"Tumnunulie betri. Tuseme ni zawadi."

"Mimi nitakuwa na saa yangu mlangoni," akasema Makamu. "Kumi na tano. Si kumi na sita."

Alikuwepo kweli, kila siku, mkono umekunjwa, macho kwenye saa, foleni ya darasa la tatu nyuma yake ikisukumana. Siku ya kuamkia mtihani Kimya alisimama na kitabu, akasoma mistari mitatu ya ukurasa wa mwisho, akakwama kwenye wa nne.

"Dakika mbili," Makamu akasema.

Kimya akaweka kidole kwenye neno, akaanza upya, silabi moja moja. Nje mtoto mmoja akacheka.

Makamu akageuka. "Nyamazeni! Hamuoni mwenzenu anasoma?"