Karibu ya Mwalimu Ezron

Mwalimu Ezron wa Ibighi, pale Tukuyu, alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari angeuandikia dawa: alikusanya saini za wakubwa wa vita waliofungwa. Wenzake waliostaafu walifuga nguruwe. Yeye aliwaandikia majenerali na mawaziri waliohukumiwa na mahakama za kimataifa, na walipomjibu alizitia barua zao kwenye fremu za kioo, akazitundika sebuleni juu ya kochi, mahali ambapo watu wenye akili zao hutundika picha ya harusi.

Ili wajibu, aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaita mashujaa wasioeleweka. Na kwa kuwa alikuwa Mnyakyusa aliyelelewa vizuri, hakuweza kufunga barua bila kumkaribisha mtu nyumbani: "Ukipata nafasi karibu Tukuyu, nyumba yangu ni yako, ndizi hazijawahi kutuishia." Kwetu hiyo ni salamu tu. Unamkaribisha hata mpita njia, naye anajibu nashukuru, siku nyingine, na maisha yanaendelea.

Jenerali mmoja hakuijua hiyo siku nyingine. Barua yake ilifika mvua zikiwa zimepamba moto. Amemaliza kifungo, aliandika. Nchi yake haimtaki, na kila anakobisha hodi hafunguliwi. "Ila wewe, rafiki yangu wa pekee, umenikaribisha katika kila barua. Mwaliko wako nimewaonyesha wakubwa wa gereza. Thibitisha tu, nije."

Ezron alianza kusoma akiwa amesimama, akamaliza ameketi. Jenerali huyo alifungwa kwa kuamuru kijiji kichomwe moto watu wakiwa wamelala.

Mkewe, Tulinagwe, alipopata habari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliingia chumba cha wageni, akatandua mashuka, akayafua huku akiimba pambio. Kisha akapita kwa majirani akitangaza kwamba mumewe, Baba Tulia, anapata mgeni mkubwa kutoka ng'ambo. Kufikia jioni mkungu wa ndizi ulikuwa mlangoni, na jirani yao mzee Anyosisye alikuwa amekaa kwenye kochi, jogoo kwapani.

"Ndaga fijo, Mwalimu, kwa kutuletea mgeni," alishukuru mzee. "Kazi yake nini?"

"Alikuwa jeshini," alijibu Ezron.

"Amestaafu?"

"Alikuwa... ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Ya gereza, tata," Tulinagwe alidakia huku akimmiminia mzee chai. "Alichoma watu na nyumba zao. Mwalimu anamwita shujaa. Saini yake hiyo hapo, juu ya kichwa chako."

Mzee aligeuza shingo, akatazama juu, akahamia kiti cha karibu na mlango. Chai aliinywa haraka.

"Jogoo huyu naona bado mdogo," alisema alipoaga. "Ngoja nimrudishe akakue."

Walipobaki wawili, Ezron alimgeukia mkewe. "Mama Tulia, nifanyeje?"

"Mwandikie asije."

"Nimwambie unaumwa?"

"Usinizulie ugonjwa mimi kwa ajili ya muuaji. Mwambie sababu."

Hapo ndipo aibu ilipomshika Ezron, aibu ya kweli. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaonyesha wageni jinsi wino ulivyopinda vizuri, na hata mara moja hakuwa amewawaza wale waliolala ndani ya nyumba zile. Aliandika, akachana. Akaandika tena:

"Usije. Ulichoma watu wakiwa usingizini. Nilikuita shujaa nikijua ulichofanya, kwa sababu niliitaka saini yako. Nyumba yangu si yako."

Alimpa mkewe asome. Tulinagwe alisoma, akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha mezani.

"Zile za kumsifu ulisaini kwa mbwembwe, mkia wa jina ukafika ukingoni mwa karatasi. Hii ya kweli mbona haina jina?"

"Atajua ni mimi."

"Najua atajua. Tia."

Ezron alisita. Alimfikiria mtu yule akiishika karatasi hii, akilisoma jina la Ezron chini ya maneno yale, akilitunza maisha yake yote.

Tulinagwe alimsogezea kalamu. Ezron aliandika jina lake lote, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka herufi ya mwisho.